Ndege Inapokataa Kutii: Dalili za Upepo na Hali ya Hewa, na Vyanzo Vyake

Rubani anapoona ndege inafanya jambo ambalo hakuliagiza, mikono humtangulia: huvuta usukani, huongeza au kupunguza nguvu za injini, hukanyaga upande mmoja. Mara nyingi mikono hiyo huwa imepatia. Tatizo ni kwamba dalili moja inaweza kuwa na vyanzo viwili ambavyo tiba zake zinapingana, na anayetibu chanzo kisicho chenyewe huongeza hatari badala ya kuipunguza. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa urubani na marubani wenye leseni changa wanaorusha ndege ndogo za injini moja, kama Cessna 172, katika viwanja vya Afrika Mashariki. Umepangwa kwa kufuata dalili kama zinavyoonekana kutoka kiti cha rubani. Pale unapotofautiana na kitabu cha ndege unayoirusha, kitabu hicho ndicho cha kufuatwa.

Kasi humu zimetajwa kwa noti, ambayo ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.85 hivi kwa saa.

Ndege inakimbia muda mrefu ardhini na haitaki kunyanyuka

Katika viwanja vya nyanda za juu, chanzo cha kwanza cha kushukiwa ni wepesi wa hewa. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko futi 5,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, lakini mbawa hazijui namba iliyoandikwa kwenye ramani. Zinajua tu kiasi cha hewa kinachopita juu na chini yake. Tuchukue mchana wa joto ambapo kipimamwinuko, kikiwekwa kwenye 1013, yaani kanieneo la kawaida la hewa katika usawa wa bahari, kinasoma futi 5,400, na joto la nje ni nyuzi 26. Hewa ya kipimo cha kimataifa ina nyuzi 15 katika usawa wa bahari na hupoa kwa takriban nyuzi 2 kila futi 1,000, kwa hiyo kwenye futi 5,400 ilitarajiwa iwe na nyuzi 4 hivi. Joto limezidi kwa nyuzi 22. Kila nyuzi ya ziada huhesabiwa kama futi 120 za mwinuko, na kwa hesabu hiyo ndege iliyosimama Wilson inajihisi iko juu ya futi 8,000.

Matokeo yake yanaipata ndege mahali patatu kwa pamoja: injini inavuta hewa kidogo na kutoa nguvu kidogo, pangaboi linakosa hewa nzito ya kukamata, na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili linyanyue uzito uleule. Kipimakasi kikisoma noti 60 kwenye hewa hiyo, ndege kwa kweli inakata hewa kwa karibu noti 68. Hapa pana mtego ambao huwanasa hasa marubani waliojifunzia pwani. Ardhi inaonekana kupita kwa kasi kubwa, jicho linasema wakati umefika, na rubani anavuta usukani kabla ya wakati. Ndege inanyanyuka kidogo kwa msaada wa mto wa hewa ulio karibu na ardhi, kisha inakataa kupanda zaidi, huku mwisho wa njia ya kurukia ukikaribia. Dawa ni kuamini kipimakasi na kulipuuza jicho.

Kabla ya kuilaumu hewa, hata hivyo, angalia mchanganyiko wa mafuta. Injini isiyo na tabochaja, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, ikipewa mafuta yote kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam au Mombasa, kule juu hulemewa na mafuta, hutetemeka na kutoa moshi mweusi. Kitabu cha Cessna 172 kinaagiza kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 mafuta yapunguzwe hadi injini itoe mizunguko mingi kabisa ikiwa kwenye nguvu zote na ndege imesimama. Tofauti ya vyanzo hivi viwili husikika kwa sikio: injini iliyozidiwa na mafuta inakoroma na mizunguko yake iko chini ya ile iliyotajwa kitabuni, ilhali katika hewa nyepesi peke yake injini huenda laini, ila tu haina misuli.

Chanzo cha tatu ni upepo wa nyuma, ambao wengi huudharau kwa sababu ni mdogo. Kitabu hichohicho kinataka umbali wa kupaa uongezwe asilimia 10 kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma, wakati upepo wa mbele, ambao mabaharia wetu huuita wa mbisho na kuuchukia, hupunguza asilimia 10 kwa kila noti 9. Yaani upepo wa nyuma unadhuru mara kadhaa kuliko ule wa mbele unavyosaidia. Nyasi kavu nazo huongeza asilimia 15 ya mwendo wa ardhini, na nyasi zilizolowa au murramu laini baada ya mvua huongeza zaidi ya hapo.

Kanuni ya uamuzi ni fupi. Weka alama katikati ya njia. Ukifika hapo bila kupata asilimia 70 ya kasi ya kunyanyukia, ambayo ni noti 42 kwa ndege inayonyanyukia noti 60, funga nguvu na usimame.

Pua inageuka pembeni, au ndege yote inasukumwa nje ya mstari

Hizi ni dalili mbili, ingawa mara nyingi huja pamoja. Upepo wa ubavuni hewani huibeba ndege nzima kuelekea unakoelekea wenyewe. Ardhini, kwa sababu mkia ni kama tanga lililo nyuma ya magurudumu, upepo uleule husukuma mkia na kuigeuza pua kuelekea unakotoka.

Lakini si kila pua inayogeuka imegeuzwa na upepo. Kwenye ndege ambayo pangaboi lake huzunguka kulia likitazamwa kutoka kiti cha rubani, nguvu zote za injini huivuta pua kushoto hata hewa ikiwa imetulia kabisa. Ukiona pua inakwenda kushoto wakati wa kupaa, na ukipunguza nguvu inatulia, chanzo ni injini. Ikiwa inageuka hata wakati wa kukimbia baada ya kutua, injini ikiwa imepunguzwa, chanzo ni upepo. Na ikiwa inavuta upande uleule hata ukitembea polepole kuelekea maegesho, bila kujali umeelekea wapi, mtafute fundi: ama breki inakwaruza ama tairi limepungua upepo wake.

Ukubwa wa upepo wa ubavuni hukadiriwa kichwani. Upepo ukija kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa njia, nusu yake ni ya ubavuni. Kwa nyuzi 45 ni sehemu saba za kumi. Kwa nyuzi 60 ni karibu tisa za kumi. Njia ya Zanzibar inaelekea kusini na kaskazini, 18 na 36, yaani nyuzi 180 na 360. Katika miezi ya kusi, taarifa ya uwanja ikisoma 14020KT, upepo unatoka nyuzi 140 kwa noti 20, na ukitua njia ya 18 utakuwa na noti 13 za ubavuni pamoja na 15 za mbele. Hapo uko ndani ya zile noti 15 ambazo watengenezaji wa Cessna 172 walizithibitisha kwenye majaribio. Namba hiyo inaeleza kilichojaribiwa. Haisemi kwamba wewe unaweza, na mwanafunzi aliyezoea noti 5 asijipimie kwa rubani wa majaribio. Ikiwa taarifa inasoma 14020G30KT, herufi G inakuambia kuna dharuba za noti 30, na hesabu ifanywe kwa 30, ambayo hutoa noti 19 za ubavuni.

Msimu wa maleleji, kati ya kusi na kaskazi, nao una taabu ya aina yake. Upepo ni mdogo lakini hauna msimamo, na taarifa ya nusu saa iliyopita huenda imekwisha kuwa uongo. Itazame soksi ya upepo mara ya mwisho ukiwa umebakiza mita mia chache kufika, wala usione haya kuuliza mnara wa kuongozea ndege upepo ukoje sasa hivi.

Tiba wakati wa kutua ni kulishusha bawa la upande unakotoka upepo ili ndege isibebwe, na kukanyaga usukani wa mkia upande wa pili ili pua ilingane na mstari. Gurudumu la upande wa upepo ndilo litakalogusa kwanza, na inapaswa iwe hivyo. Kosa la kawaida linakuja baada ya hapo. Rubani anashusha pumzi na kuachia usukani, ilhali eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege ubavuni, zinapoteza nguvu kadiri mwendo unavyopungua, na kwa hiyo usukani unatakiwa uendelee kuzungushwa kuelekea upepo hadi mwisho. Ndege ya bawa la juu haijamaliza kutua mpaka imefungwa kamba. Ukitembea ardhini na upepo unatoka mbele pembeni, zungusha usukani kuuelekea. Upepo ukitoka nyuma pembeni, zungusha usukani kuukimbia na uusukume mbele, upepo usije ukaingia chini ya bawa na mkia na kuipindua ndege.

Kasi inaruka juu ghafla wakati wa kukaribia kutua

Kati ya dalili zote hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu mwanzoni inaonekana kama zawadi. Ndege iko kwenye mteremko wa mwisho kwa noti 65, kisha sindano inapanda hadi 80, na ndege inaelea juu ya mteremko wake. Rubani anapunguza nguvu ili arudi mahali pake. Ikiwa kilichompata ni dharuba ya kawaida, hajakosea sana. Ikiwa ni ukingo wa poromoko la hewa kutoka kwenye wingu la radi, amezitupa nguvu sekunde chache kabla ya kuzihitaji kuliko wakati wowote.

Poromoko hilo ni hewa nzito iliyopozwa na mvua, inayoanguka kutoka winguni na kusambaa pande zote inapogonga ardhi, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Upana wake hauzidi kilomita 4 hivi na huisha kwa dakika chache. Ndege inayolivuka hukutana kwanza na upepo wa mbele unaoiongezea kasi, kisha hewa inayoisukuma chini, kisha upepo wa nyuma unaoipokonya kasi ile ile iliyoazimwa pamoja na riba yake. Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago aliufafanua mwenendo huu baada ya kuchunguza ajali ya ndege ya shirika la Eastern, safari namba 66, iliyoanguka ikikaribia uwanja wa JFK, New York, tarehe 24 Juni 1975. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Agosti 1985, ndege ya shirika la Delta, safari namba 191, iliangukia katika hali kama hiyo ikikaribia Dallas, na watu 137 walipoteza maisha. Hizo zilikuwa ndege kubwa za jeti zenye marubani wazoefu.

Namna ya kutofautisha ni hii. Dharuba huchezesha sindano huku na huku, noti 5 juu, 5 chini, kila sekunde moja au mbili. Mabadiliko ya upepo yaliyo hatari huipeleka sindano upande mmoja na kuiacha huko. Mabadiliko ya noti 15 au zaidi, au ya futi 500 kwa dakika kwenye kipimo cha kupanda na kushuka, bila wewe kugusa kitu, yahesabiwe kuwa hatari hadi yathibitike vinginevyo. Tiba ni moja: nguvu zote, ghairi kutua, panda, na flapu, vibao vya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, zishughulikiwe kwa utaratibu wa kitabu. Usijadiliane na mteremko.

Kwa dharuba za kawaida tiba ni tofauti na ni nyepesi. Chukua nusu ya tofauti kati ya upepo na dharuba yake uiongeze kwenye kasi ya kukaribia. Upepo wa noti 12 wenye dharuba za 22 unadai noti 5 za ziada. Usiongeze zaidi kwa woga, kwani kasi iliyozidi itakuelesha mbali juu ya njia.

Marekani imeweka rada maalumu za kugundua maporomoko haya kwenye viwanja vyake vikubwa. Kwenye viwanja vyetu vingi vidogo kifaa ni jicho: pete ya vumbi ardhini chini ya wingu, pazia la mvua linaloning'inia na kuyeyuka kabla ya kufika chini, miti inayoinama kwa pande zinazopingana, soksi mbili za uwanja mmoja zisizokubaliana. Ukiviona, subiri. Robo saa ya kuzunguka mbali ni gharama ndogo ya mafuta.

Kasi inayosomeka haiendani na mwendo wa ndege

Sindano inaweza kuyumba pia kwa sababu chombo chenyewe kimeharibika, na dalili hufanana vya kutosha kumchanganya mtu. Mrija wa pito, unaopokea hewa ya mbele, huzibwa na barafu kwenye mawingu baridi, na katika nchi zetu huzibwa zaidi na nyigu wanaojenga kwa udongo, ambao siku chache za ndege kukaa nje bila kifuniko huwatosha. Mrija ukizibika pamoja na tundu lake la kutolea maji, kipimakasi huanza kufanya kazi kama kipimamwinuko: kasi inapanda kadiri ndege inavyopanda. Rubani asiyejua huinua pua ili aipunguze, na anaishia kwenye stoli, yaani bawa kupoteza nguvu ya kuinua, huku sindano ikimwambia anakwenda mno. Mwaka 1996 ndege ya shirika la Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikiwa na watu 189. Wachunguzi waliona kwamba mrija uliozibwa, huenda na nyigu, ndio ulioanzisha mkanganyiko. Ajali ya Air France 447, tarehe 1 Juni 2009, nayo ilianza kwa chembe za barafu kwenye mirija.

Kipimo cha kutofautisha: weka pua na nguvu za injini katika hali unayoijua, kisha tazama kasi ya ardhini kwenye GPS na usikilize sauti ya hewa. Pua ikiwa sawa na nguvu zikiwa sawa, ndege inaruka sawa, na sindano ndiyo inayosema uongo. Washa kipasha joto cha mrija na uirushe ndege kwa namba za pua na nguvu hadi utue.

Injini inapungua nguvu katika hewa safi

Mtu hafikirii barafu akiwa karibu na Entebbe. Lakini mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, hewa hupoa kwa nyuzi 20 hadi 30 au zaidi, na unyevu wake huganda kwenye koo la kabureta hata nje kukiwa na joto la kuvaa shati tu. Hatari ni kubwa zaidi injini ikiwa imepunguzwa kwa ajili ya kushuka, hasa juu ya ziwa au baada ya mvua. Kwenye pangaboi ambalo pembe yake haibadiliki, mizunguko inashuka taratibu bila mkono wako kusogea, kisha injini inaanza kutetemeka.

Vuta kishikio cha joto la kabureta chote, si nusu. Mizunguko itashuka zaidi, na ikiwa kweli ni barafu, injini itakohoa inapomeza maji yaliyoyeyuka. Hapa ndipo wengi huogopa na kulirudisha joto ndani, wakiamini wameharibu. Liache, baada ya muda mizunguko itapanda. Isipopanda, barafu haikuwapo: angalia mchanganyiko wa mafuta, tangi, na maji ndani ya mafuta.

Nguvu zote zimetolewa, na bado ndege inashuka

Sehemu kubwa ya mwaka upepo wa Nairobi hutoka mashariki. Hewa hiyo hupanda Milima ya Ngong upande wa jiji kisha huporomoka upande wa Bonde la Ufa. Rubani anayerudi Wilson kutoka Maasai Mara anaikaribia milima hiyo, ambayo kilele chake kiko karibu futi 8,000, kwa upande ule hasa ambako hewa inashuka, akiwa na upepo wa mbele unaomchelewesha, na mchana ambapo ndege yake ina uwezo wa kupanda labda futi 300 kwa dakika. Hewa inayoshuka kwa kasi kuliko hiyo si jambo la ajabu.

Wepesi wa hewa hudhoofisha upandaji taratibu na kwa kudumu. Hewa inayoporomoka huanza ghafla na hubadilika kulingana na mahali ulipo. Injini ikiwa na mizunguko yake kamili, usiitafutie ugonjwa. Shika kasi ya kupanda vizuri zaidi, usiinue pua kuufukuza mwinuko unaopotea, na ugeuke mapema kuelekea ardhi ya chini, kungali na nafasi. Ndiyo maana ukingo hukaribiwa kwa pembe ya nyuzi 45 badala ya uso kwa uso, na mwinuko wa kuvukia hutafutwa mbali na mlima. Upepo ukiwa na nguvu, futi 2,000 juu ya kilele si nyingi. Karibu na Kilimanjaro na Meru, wingu lenye umbo la sahani linalosimama mahali pamoja huku upepo ukivuma ni ishara kwamba hewa inapanda na kushuka kwa mawimbi.

Ndege inarukaruka

Mchana wa jua kali juu ya Serengeti hili ni la kawaida, na chanzo ni hewa ya moto inayopanda kwa mafungu. Punguza kasi hadi ile ya kuhimili misukosuko, shika pua iwe sawa, na uache mwinuko ucheze kidogo. Kasi hiyo hupungua ndege ikiwa nyepesi, kinyume cha wengi wanavyodhani: Cessna 172S ina noti 105 ikiwa na ratili 2,550, na noti 90 ikiwa na ratili 1,900. Anayetaka utulivu aruke asubuhi.

Upeo wa macho umetoweka

Usiku, upepo wa nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria na kujenga mawingu ya radi, ambayo alfajiri na asubuhi husogea magharibi. Ushauri wa kuruka asubuhi, kwa hiyo, haufai Bukoba kama unavyofaa Serengeti. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya abiria ya ATR 42 iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia uwanja huo katika hali mbaya ya hewa, na 19 walifariki.

Rubani asiye na ruhusa ya kuruka kwa vyombo akiingia mawinguni, dalili ya kwanza haitatoka kwenye ndege bali kwenye mwili wake. Sikio la ndani haligundui mgeuko wa polepole. Likishauzoea, humwambia kwamba yuko sawa wakati amelala ubavuni, na anaponyooka humwambia amelala upande wa pili. Akiona kasi inaongezeka, mwinuko unapungua na dira inazunguka, atahisi haja ya kuvuta usukani, na kuvuta huko kunaukaza tu mzunguko. Sawazisha mabawa kwanza kwa kutazama kipimo cha mlalo, ndipo uinue pua.

Ikiwa bado hujapoteza udhibiti, soma mwelekeo wako, ongeza au punguza 180, na ugeuke kwa nyuzi 3 kila sekunde. Baada ya dakika moja utakuwa unaelekea ulikotoka, ambako dakika chache zilizopita ulikuwa unaona. Geuka kwanza, redio baadaye.